Alama ya Ukimya

Wameileta alfajiri, imebandikwa michoro
ya kupotosha macho, nyeusi, nyeupe, nyeusi,
asije mpiga picha wa kichakani akaiba sura yake.
Saluni ndogo ya wakubwa, ndivyo karatasi inavyosema:
si wakubwa wale wa kupakiwa nyuma na gazeti,
ni hawa wa katikati ya ngazi,
wanaojiendesha wenyewe na bado wanataka
mlinzi wa geti asimame.

Nafunga mlango. Du. Sauti ya pesa.
Kuna mtu kule kiwandani amelipwa mwaka mzima
kuitafuta hiyo du.
Kiti kinaupokea mgongo, kina moto wa kutosha.
Usukani mwepesi mjini, mzito barabarani, inavyopasa.
Nyuma, mtu mrefu atayala magoti yake.
Buti linameza masanduku mawili, la tatu linalitema.
Hayo watayapima wengine.

Mimi kazi yangu masikio.
Miaka thelathini na miwili, hapa Arvidsjaur,
ambapo ziwa huganda hadi lori likapita juu yake,
nimelipwa kusikia plastiki ikisugua plastiki.
Huniita Gunvor wa Panya: nikisema kuna panya
ndani ya nguzo ya mlango, nguzo inafunguliwa,
hata mashine zikiapa kwamba hamna.
Mwaka fulani tulimtoa: skrubu moja
na ganda la pipi ya fundi.

Leo kijana Isak amekaa kulia, fomu magotini.
Misonobari, kibao cha kuonya kulungu, misonobari.
Sabini. Tisini. Mia na kumi.
Lami iliyovimbishwa na baridi inagonga, pu, pu,
shokapu zinaimeza, matairi yananguruma mbali,
halafu, juu ya hayo yote, kimya
ambacho sijakikuta kwenye gari la bei hii.
"Andika tisa," namwambia. "Tisa na nusu."

Kalamu yake haisogei.
"Na huo mluzi?"
"Mluzi upi?"
"Huu. Kwenye kioo cha upande wangu. Mwembamba. Tangu tisini."

Nashuka hadi tisini. Napanda tena. Nazima feni.
Nabana pumzi, mimi niliyesikia ganda la pipi.
Sikio la kufa, wasema, halisikii dawa;
langu halisikii kioo.

Hapo ndipo ninapomkumbuka ndege yule mdogo,
utosi wa njano, uzito wa kijiko cha sukari,
aimbaye kileleni mwa mti nyuma ya nyumba.
Mwezi wa nne nilimwambia Torgny, mwaka huu amechelewa.
Torgny, mdogo wangu kwa miaka tisa,
alinitazama, kikombe mkononi,
akasema, ndiyo, amechelewa.
Mwezi wa sita nikasema tena.
Naye akasema tena.

Tunasimama penye kituo cha basi kisicho na basi.
Isak anatoa utepe mweusi, anauziba ufa wa kioo,
anaulaza kwa kidole gumba. Tunarudi barabarani.
Mia na kumi.
"Umekatika," asema. "Unasikia?"
Kwangu hakuna kilichokatika.

"Futa tisa," namwambia. "Andika sita,
na uandike kwamba aliyesikia ni wewe."
Anaandika polepole, anatafuta mstari mahali pasipo na mstari,
naye ana adabu ya kutoniangalia.
Ninaendesha. Ni gari zuri, kusema kweli.
Kiti bado kina moto.
Nikifika nyumbani nitamuuliza Torgny
yule ndege alikuja lini hasa.